Sketi Iliyokataa Kuwa Fupi

Nauza sare za shule Kariakoo, upande wa kushukia Msimbazi. Kazi hii ukiifanya kwa muda mrefu, jicho linazoea. Mama anaingia Januari, anasema mwanangu yuko darasa la tatu, na kabla hajamaliza nimeshamtazama mtoto aliyesimama mlangoni na mkono umeshafika kwenye rafu inayomfaa. Wengi wananiomba niongeze saizi moja, mtoto akue nayo. Nawapa bila ubishi, kwa sababu najua itakavyokuwa. Sketi inayofika katikati ya muundi mwezi wa kwanza, shule zikifungwa Desemba inakuwa imepanda mpaka magotini.

Ya binti yangu haikupanda.

Nilimpa alipokuwa anaanza darasa la pili, sketi ya bluu yenye marinda, kubwa kidogo kama ninavyowapa watoto wa wenzangu. Darasa la tatu akaendelea nayo, nikajipongeza kwamba nimechagua vizuri. Darasa la nne rangi ilikuwa imechuja na marinda yamelegea, lakini urefu ulikuwa uleule. Nikamletea mpya ya saizi ya watoto wa darasa lake. Ikamshuka mpaka kwenye soksi. Nikairudisha dukani na kumchukulia nyingine ya saizi ileile ya zamani, na siku hiyo nikaacha kujipongeza.

Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, mrefu hasa. Anauza vyombo vya plastiki kwa jumla, mitaa miwili kutoka kwangu, na ndoo zinazoning'inizwa juu darini, ambazo wenzake wanazitungua kwa mti wenye kulabu, yeye anazishusha kwa mkono. Mimi natoka Masasi. Kichwa changu kinaishia kwenye mfuko wa shati lake. Tulipooana watu walitutania sana, na sisi tulicheka nao. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja utani huo ungegeuka kuwa swali.

Mdogo wake binti yetu ni wa kiume, wamepishana miaka mitatu. Kwanza walilingana, na majirani kule Magomeni tunakoishi wakawa wanauliza kama ni mapacha. Binti alikasirika, akawa anawajibu kwamba yeye ndiye dada. Baadaye mdogo wake akampita, na hata hilo jibu akaacha kulitoa.

Nyumba tunayoishi ni ya Kiswahili, vyumba huku na huku, korido katikati, ua nyuma. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto asiyekua hawi wa mama yake peke yake. Mpangaji wa chumba cha mbele, mama mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia kwamba mtoto atakuwa alirukwa akiwa amelala mkekani, na aliyemruka hakurudi. Dawa yake ni kumruka tena kwa upande wa pili. Sikuamini, lakini pia sikuona hasara. Nikamlaza mkekani, nikamwambia mdogo wake amruke. Akaruka na kurudi, akaruka na kurudi, kwa sababu aliufurahia mchezo, mpaka dada yake akainuka na kwenda zake.

Wengine walishauri chakula. Nikamchemshia supu ya makongoro, nikamkaangia mayai, nikamnunulia maziwa. Mume wangu naye akatoka kwa machinga mmoja na kopo la unga wenye picha ya mcheza mpira wa kikapu. Nilisoma maandishi ya nyuma, nikaona ni sukari, kakao na vitamini. Mtoto aliupenda. Akaukoroga kila jioni, na akazidi kunenepa mashavu. Hilo ndilo lililotupoteza. Mtoto mwenye njaa anakonda, huyu wetu alikuwa amejaa uso, mtulivu, hana matata, analala mapema bila kusukumwa. Watu wakimwona walisema huyu anashiba, msiwe na wasiwasi.

Nilimpeleka zahanati ya mtaani kwetu. Mganga akampa dawa za minyoo, na nilipomuuliza habari ya urefu akanitazama kuanzia juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu.

"Mama mwenyewe mfupi," alisema. "Unategemea nini?"

Jibu lile lilikuwa na mantiki, sikuweza kulipinga. Nilipomwambia mume wangu, niliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ni upande wako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Lakini kuanzia siku hiyo kila nilipomtazama mtoto niliona kitu nilichompa mimi, na si kitu cha kujivunia.

Kisha kukaja harusi ya ndugu wa mume wangu. Binamu yake, mfanyabiashara mwenzake hapohapo Kariakoo, aliwaona wanangu wawili wamesimama pamoja kwenye foleni ya chakula. Mke wake ndiye aliyenisimulia baadaye, akidhani ananitendea wema. Binamu alimvuta mume wangu pembeni, akamwambia kwamba katika ukoo wao hajawahi kuona mtu wa kimo kile, na kwamba mwanaume mwenye akili angechunguza. Aliongeza kicheko mwishoni, ili likitakiwa kuwa utani liwe utani.

Nilimngoja mume wangu amalize kula, nikamuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Akakubali kwamba yalisemwa.

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilimwambia mtoto ni wangu." Akanawa mikono taratibu. "Lakini watu wanauliza, mke wangu."

Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Tuliishi miezi kadhaa tukiongea habari za duka na ada ya shule na paa linalovuja, na mtoto akawa anapita katikati yetu amevaa sweta lake la shule, mdogo, mkimya, kama vile anajua kwamba yeye ndiye tunayemnyamazia.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja kutoka Kilimanjaro kutibiwa mtoto wa jicho. Nilimpokea kwa shikamoo na tabasamu, na moyoni nikawa na hofu. Ni mwanamke mrefu hata sasa ambapo mgongo umeinama. Siku mbili za mwanzo alinisimulia ukoo mzima: babu aliyekuwa anainama kuingia kanisani, shangazi waliokosa wachumba kwa sababu hakuna mwanaume aliyetaka kumwinulia macho mke wake. Nilikaanga vitunguu na kuitikia. Nilijua hadithi hizo zinaelekea wapi.

Siku ya tatu nilirudi mapema kutoka dukani, nikamkuta ameketi uani. Watoto wa nyumba walikuwa wanacheza na fulana tu, wengine vifua wazi. Mnajua joto la Dar mwezi wa pili lilivyo. Binti yangu alikuwa amekaa juani, ameegemea ukuta, na sweta la shule amelifunga vifungo vyote.

"Huyu mtoto anavaa sweta kwa nini?" mama mkwe aliniuliza.

Nikamwambia analipenda tu, hataki kulivua.

"Kule kwetu mlimani tunavaa sweta kwa sababu kuna baridi. Hapa mimi nimevua hadi kitenge cha mabegani. Hebu mshike mikono."

Nilimshika. Ilikuwa ya baridi, na ngozi kavu inakwaruza. Mikono hiyo nilikuwa naishika kila siku, nikiivusha barabara na kuikata kucha, na sijui ni lini ilikuwa imeacha kunishangaza. Mama mkwe akaanza kuuliza. Anakwenda choo kila siku? Nikasema hapana, kwa shida. Analala sana? Sana. Anakimbia na wenzake? Alikuwa anakimbia zamani. Nywele? Zinakatika. Niliyajua yote hayo, moja moja. Sikuwahi kuyasikia yakifuatana.

"Huyu si mfupi," alisema. "Huyu anaumwa. Mfupi ni wewe, na hujawahi kuvaa sweta."

Sikujua nicheke au nilie, nikaketi kando yake. Jioni mume wangu aliporudi, mama yake hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Alimwambia kwa Kichaga kwanza, kisha akageukia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, kwamba mtoto apelekwe hospitali kubwa akaonwe na daktari wa watoto, na kwamba amesikia kuna watu wanauliza maswali kuhusu mjukuu wake.

"Waje waniulize mimi," alisema. "Vidole vya miguu vya huyo mtoto ni vya marehemu baba yako. Ungekuwa umevitazama usingekaa kimya."

Mume wangu alikuwa bado ameshika mlango. Alisema, "Ndiyo, mama," kama mtoto wa shule.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Cha kwanza alichofanya kilinishangaza: kabla ya kumgusa mtoto alitusimamisha sisi wazazi ukutani, mmoja mmoja, tumevua viatu, akatupima. Akaeleza huku anaandika. Kimo cha mtoto, alisema, kwa sehemu kubwa kinatoka kwa baba na mama wote wawili, si kwa mmoja, kwa hiyo huyu wetu alimtarajia aangukie mahali fulani katikati yetu, karibu zaidi na mimi kwa kuwa ni wa kike. Lakini kile ambacho wazazi wamekitoa, mwili unapaswa kukijenga, na ujenzi unaweza kukwama. Unakwama kwa chakula kibovu cha muda mrefu, kwa maradhi yasiyoisha, wakati mwingine hata kwa mtoto kuishi bila furaha, na unakwama pia tezi za mwili zikiacha kufanya kazi yake.

Alitaka kujua alizaliwa na uzito gani, alianza kutembea lini, na zaidi ya yote, aliacha kurefuka lini. Hapo nilikuwa na jibu zuri kuliko mama yeyote aliyewahi kuingia chumba kile. Nilimweleza habari ya sketi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto mfupi anayeongezeka kila mwaka hanipi shida," alisema. "Anayenipa shida ni aliyesimama."

Wakamtoa damu, kisha wakampiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Mume wangu aliuliza kwa nini mkono, mbona hajaanguka. Picha ilipotoka daktari aliiweka kwenye mwanga, akatuonyesha nafasi nyeusi kati ya mfupa na mfupa. Nafasi hizo ndipo mifupa inaporefukia, na mtoto akishakomaa zinaziba. Za binti yetu zilikuwa wazi kupita kiasi.

"Ana miaka kumi," daktari alisema, "lakini mifupa yake inasema ana saba."

Mume wangu aliupokea msemo huo kama taarifa ya msiba. Daktari akamtuliza. Kwa mtoto aliyechelewa, alisema, mifupa michanga ni habari njema kuliko mikomavu, maana mlango haujafungwa.

Siku ya kuchukua majibu ya damu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimeshavuka kwenda mjini kufungua duka. Mume wangu na mtoto walipotoka Magomeni wakakuta maji yamejaa bonde la Jangwani na barabara imefungwa. Akanipigia simu nikamwambia wasubiri nyumbani, nitakwenda peke yangu. Nikaingia kwa daktari na viatu vinavyolia maji, nikaomba ruhusa ya kuweka simu mezani kwa sauti ya juu ili baba yake asikie. Hivyo tulipokea majibu tukiwa kila mmoja upande wake wa bonde.

Ilikuwa tezi ya shingoni. Ndiyo inayotoa homoni inayouambia mwili uchangamke, upate joto, ukue, na yake ilikuwa karibu imelala kabisa, kwa sababu kinga ya mwili wenyewe iliigeukia na kuishambulia. Haikutokana na chakula, haikutokana na minyoo. Nilimuuliza kama nimempa mimi. Alisema wakati mwingine inatembea kwenye familia na wakati mwingine haina chanzo kinachoonekana, na kwa vyovyote si kitu ambacho mtu anampa mtoto wake kwa kutaka. Dawa ilikuwa kidonge kimoja, kidogo kuliko punje ya mahindi, kila asubuhi kwa maji, kabla ya chai, na huenda kwa maisha yake yote.

Sauti ya mume wangu ikatoka mezani. "Daktari, atakuwa mrefu?"

"Atakua," daktari alijibu. "Mrefu kiasi gani, tutaona pamoja. Kuna miaka imepotea, na si yote inarudi."

Mume wangu akasema ahsante, na akaniambia nisipite Jangwani kwa mguu, nizunguke.

Nilitegemea kwamba kitu cha kwanza kubadilika kitakuwa kimo. Haikuwa hivyo. Kitu cha kwanza kilikuwa sweta. Wiki chache baada ya kuanza dawa nililikuta limetupwa kitandani, na mwenyewe yuko uani na fulana. Kisha zikaja kelele. Akaanza kugombana na mdogo wake, akawa haoni tabu kumkimbiza nyumba nzima. Mwalimu akaniita shuleni kunilalamikia kwamba binti anaongea darasani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alishindwa kuelewa kwa nini nilikuwa natabasamu. Mashavu yakapungua, nikaanza tena kuogopa kwamba anakonda, mpaka daktari aliponiambia kwamba ule haukuwa unene wa shibe.

Kimo kilianzia miguuni. Viatu vilimbana. Halafu sketi ikapanda, na ikapanda kwa pupa, mpaka mwaka uliofuata nilimbadilishia mara mbili kabla ya likizo ya katikati. Wauza maduka wenzangu walicheka kwamba nimepata mteja mzuri ila halipi.

Katika moja ya safari zetu za kliniki nilimuuliza daktari habari yangu mwenyewe. Nilitaka kujua kama na mimi ningepimwa. Alinishika shingo, akaniuliza maswali yaleyale, akasema haoni dalili. Halafu akaniuliza nililelewa vipi. Nikamwambia ni Masasi, watoto wengi, kuna miaka mvua ilikataa tukala ugali wa makopa ya muhogo kwa miezi, malaria inakuja na kuondoka inavyotaka. Akauliza kama ndugu zangu wote ni wafupi. Nikaanza kusema ndiyo, nikakumbuka mdogo wangu. Huyo alichukuliwa na shangazi alipoacha kunyonya, akaletwa huku mjini, akakulia kwenye nyumba yenye maziwa na samaki. Tumezaliwa na baba mmoja na mama mmoja, na akisimama karibu yangu kidevu chake kinagusa juu ya kichwa changu. Siku zote tulisema yeye amemfuata bibi.

Daktari hakutaka kuapa. Alisema hakuna anayeweza kupima leo ni kiasi gani kilikuwa cha kuzaliwa nacho na kiasi gani kilibaki kwenye sahani ambazo hazikujaa. Nilirudi dukani nikiwaza hilo. Miaka yote nilikuwa naita damu yangu kitu ambacho sehemu yake huenda ilikuwa njaa tu. Nilimpigia mdogo wangu simu, nikamwambia. Akasema kwamba utotoni alikuwa ananionea wivu mimi, kwa kuwa nilibaki na mama.

Binti yetu sasa ana miaka kumi na saba. Amenipita, si sana, lakini tukisimama pamoja hakuna wa kubisha. Kimo cha baba yake hajakifikia wala hatakifikia. Daktari alishatuambia kwamba nafasi za mifupa zimeziba. Mdogo wake ni ngongoti, anashusha ndoo darini kama baba yake. Yule binamu wa mume wangu alikuja kwetu Krismasi moja, akamwona binti anamwekea chakula, akasema kwa mshangao kwamba amerefuka. Mume wangu akamjibu kwamba ndiyo, amerefuka, na akamuuliza kama anataka pilipili. Mambo hayo hayajazungumzwa tena, na kati yangu na mume wangu kitu kile kilichokuwa kimekaa kiliondoka polepole, bila mtu kuomba radhi kwa maneno. Ni yeye anayeamka kumpa mtoto kidonge na glasi ya maji. Sijawahi kumkuta amesahau.

Hivi karibuni tulikuwa uani, mimi na binti, tunachambua mchele. Nikamuuliza kama anakumbuka miaka ile, jinsi ilivyokuwa kuwa mdogo kuliko wote darasani. Nilijiandaa kusikia habari za kuchekwa. Vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe.

"Kuwa mfupi sikumbuki sana, mama," alisema. "Nyinyi ndio mlikuwa mnanipima. Mimi nilikuwa nimechoka tu."

Nikamwambia angetuambia.

"Nilidhani kila mtu amechoka," alisema, akasogeza ungo upande wangu.